Mikono Yote ya Kushoto

Katika karakana ile ya sare za shule, aliyeshika mkasi ndiye aliyesimama. Wengine wote walikaa wakimngoja. Kwa miaka mingi aliyesimama alikuwa Bi Mkasi, na virusi alivyoishi navyo vilikuwa vimelala kama paka aliyeshiba.

Bosi alipopata habari za hali yake, hakumfukuza. Alimhamishia kwenye vifungo.

"Upumzike, mama. Mshahara ni uleule."

Mkasi ukachukuliwa na Binti Chaki, mwanagenzi wake wa jana. Bi Mkasi akakaa pembeni, karibu na ndoo ya vipande. Hakuna aliyemtukana, walimpisha tu, wakazungumza naye kwa sauti ya wodini.

Akaanza kuruka vidonge vilivyovilaza virusi.

"Dada, umemeza dawa?" mdogo wake alimuuliza nyumbani.

"Nilikuwa nameza ili nisimame kazini. Vifungo hata maiti atashona."

"Maiti gani huyo mchapakazi?"

Wakacheka. Kidonge kikabaki mezani.

Miezi ikapita, kikohozi kikamwingia. Siku moja akamwona Binti Chaki akipanga kitambaa cha mashati, chenye uso upande mmoja, tabaka zote zikitazama juu. Kwa mpango ule, mikono yote ya mashati ingetoka ya upande mmoja.

"Mwanangu, hizo tabaka..."

"Mama, vifungo vimekwisha huko?"

Kicheko kikazunguka vyerehani. Zamani, neno lake moja lingeusimamisha mkasi. Sasa alijiuliza ni nani humsikiliza mtu wa vifungo, na jibu alilojipa lilimwinamisha kichwa. Akatunga uzi.

Mikono ikatoka yote ya kushoto, mashati ya shule nzima. Siku ya pili yake Bi Mkasi hakuweza kuinuka kitandani.

Bosi alikuja nyumbani mwenyewe, mkasi ameufunga kwa kitambaa.

"Rudi kwenye meza ya kukatia, mama. Nilikosea."

Vidole vya Bi Mkasi vilipita katika matundu ya mkasi bila kuyagusa, kama katika pete ya mtu mwingine. Makali yalifunguka, kuyafunga hakuweza.

"Niachie hapa," alisema. "Kesho kutwa nitasimama."

Bosi alipotoka, akamgeukia mdogo wake. "Nipe kidonge."

Akakimeza kwa haraka, kama mtu aliyechelewa kazini. Akameza na cha kesho yake.

Mkasi ulirudi karakanani baada ya maziko, katika kitambaa kilekile.