Kitanda cha Mama Chapakwa Rangi

…na sasa anapiga mluzi, ndugu yangu Rashid, anapaka rangi matendegu ya kitanda cha mama huku anapiga mluzi wa kijeshi, rangi ya kijani aliyotoka nayo kambini, na mimi nimechuchumaa upande wa pili nawamba, kamba chini, kamba juu, vidole vyaniwaka, "Dada, kaza hapo kati, pasilegee," nakaza, kwani tangu lini mimi Dhahabu nikaacha kukaza, wewe ulikuwa vitani miaka minne, hadi huko Burma, na mimi nilikuwa papa hapa Likoni… "Kitu cha zamani kikitengezwa, mtu hajui kama ni kikuukuu," asema, ameyaona huko, mzungu wake mmoja alisugua meza mbovu kwa msasa mpaka ikang'aa, basi na nyumba yetu nayo ing'ae, "Mwanasaumu yuwaja Ijumaa, dada, nataka chumba kimpendeze," haya, kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda nakijua mimi. Kamba za kale zimekwenda wapi, aliniuliza asubuhi, nikamwambia zimeliwa na panya. Panya! Likanitoka hivyo tu, wala sikuona haya, nami nilizikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni siku ya tatu baada ya maziko, kwa sababu siku aliyokufa mama kitanda cha msikitini cha kuoshea kilikuwa kimekwenda kwa maiti mwingine huko Mtongwe, na jua lapanda, tukachimba ufuo, shimo la maji ya josho, humu humu chumbani, tukamlaza mama juu ya hiki hiki, nikammiminia maji kwa mikono yangu, yakapita katikati ya kamba yakaingia shimoni, na alikuwa mwepesi… mwepesi mno, miezi minane namgeuza ubavu huu, namgeuza ubavu huu… "Dada, yatakauka haya matendegu kufika Ijumaa?" "Inshallah," namjibu. Nimwambie sasa. Neno moja tu, Rashid, hapa ndipo tulipomwoshea mama, brashi itamwanguka, bibi arusi atalazwa jamvini, au ninyamaze, walale, wacheke humo, nami huko ukumbini niwasikilize nikijua ninalolijua… ee Mola nisamehe, nina roho gani, mtoto wa watu amenikosea nini? Hajanikosea. Ni huyu. Juma la pili tangu arudi, ameuliza mnazi wa uani nani aliukata, mbuzi wako wapi, bati lavuja tangu lini, lakini mama alikufaje, aliteseka, alisema nini, hajauliza, alikwenda kaburini na mwalimu wa msikitini, wakasoma Fatiha, akarudi akataka chai.

Na akiuliza? Nimwambie nini, kwamba alikuwa akiita Rashid, Rashid, mimi nimemshikia bakuli la uji mdomoni na yeye ananiuliza Rashid hajafika, Rashid amekula, miezi minane hakuniita jina langu hata mara moja… "Dada, umechoka?" "Sijachoka." Amesimamisha brashi, rangi yamdondokea mguuni wala haoni, mkono wake uko juu ya mfumbati wa kitanda, anaupapasa taratibu, "Mama," asema, "mama angekipenda hivi, eti dada?" na sauti imekuwa ya mtoto, sauti ile ile ya zamani akiogopa kuingia gizani peke yake, na sasa naona, lo, naona, si kwamba hakumbuki, anaogopa, anaogopa nisije nikamwambia mama alikufa amemkasirikia… na dawa yake ninayo mimi, imo kinywani mwangu. Mwalimu alipotugawia alivyoacha mama, Rashid alipata mafungu mawili nami moja, ndiyo sheria, sikununa. Lakini pumzi ya mwisho ya mama ilikuwa jina lake, hilo halikugawiwa, lilikuwa lake lote, na mimi nimelikalia juma la pili hili nikijidanganya kwamba ninachoficha ni kitanda. "Angekipenda," nasema. Anangoja niongeze. Ndugu yangu, tumbo moja, nampenda, na simpi.