Bega la Bingwa

Rekodi ya taifa ya kurusha tufe kwa wanawake ilikuwa bado yake, na jengo zima lilijivunia. Mgeni akipanda ngazi, mtu lazima amnong'oneze: "Mlango ule wa kijani ndio kwa Bingwa. Enzi zake, akishika tufe, waamuzi walikuwa wanarudi nyuma na viti vyao."

Lakini mlango huo wa kijani uligongwa kwa sababu moja tu: kuna kitu kizito. Kabati, mtungi wa gesi, pipa la maji. Bingwa hujibu, "Twende." Akishamaliza, watu humshangilia, humshukuru, kisha huingia kwao na kufunga.

Ndiyo maana daktari alipomwambia bega la kulia limechakaa, asinyanyue tena hata ndoo, aliyameza maneno yale. Bila bega, nani angemgongea?

Jumamosi fundi cherehani wa ghorofa ya tatu alinunua friji ya mtumba.

"Bingwa wangu, tuokoe! Mume wangu huyu mikono yake ni ya kushika kijiko tu."

"Na bado ulinikubali," mume akasema.

"Nilikuwa sijaziona hizi ngazi."

Bingwa alicheka nao, akashika upande wa chini. Ghorofa ya kwanza wakaipita salama. Kwenye kona iliyofuata bega likaachia ghafla, friji ikamteremkia kifuani na kumbana ukutani. Mume wa fundi akapiga kelele. Majirani wakatoka mbio, wakaivuta.

"Umeteleza, dada?" fundi aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo.

"Sikuteleza. Bega limekwisha. Daktari alishanikataza."

"Si ungetuambia, jamani!"

Hakuna aliyemlaumu. Walipokezana, wakaipandisha friji wenyewe, na yeye akabaki ngazini mikono mitupu, akiwapisha.

Siku zikapita. Alisikia mitungi ya gesi ikiburuzwa na watu wakitweta. Wakifika mlangoni kwake walinyata, wasimsumbue. Huruma ile ilimuuma kuliko bega lenyewe.

Jioni moja alivaa viatu, akashuka, akagonga kwa fundi.

"Bingwa! Kuna kitu cha kubeba?" Fundi alichungulia nyuma yake, kana kwamba kuna kabati limesimama pale koridoni.

"Hakuna kitu. Nimekuja tu."

Fundi akaufungua mlango wote, akamwingiza ndani. Kisha akaondoa vitambaa kwenye kiti, akavirundika juu ya cherehani.

"Basi kaa. Chai unakunywa na sukari?"

"Nakunywa."

"Vijiko vingapi?"

Bingwa akafikiri. Kwake alizoea kuimimina sukari moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, amesimama jikoni.

"Sijui," alisema. "Niwekee kama unavyojiwekea wewe."