Settimio Barlacchi, Miaka Sitini na Mmoja

"Settimio, bwana, umekufa!" Gualtiero alipaza sauti kutoka kwenye ubao wa matangazo. "Umekufa juzi na hata kuniaga hukuniaga. Huo ndio uungwana?"

Settimio Barlacchi alikuwa ameinama kwenye bomba la kijiji, kichwa chote ndani ya maji, akijipoza baada ya kupanda mlima kwa baiskeli. Alidhani ni utani wa kawaida. Gualtiero, fundi bomba mstaafu, alikuwa rafiki yake wa Jumamosi kwa miaka kumi na minane, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufunga mdomo, hata pale barabara inaposimama wima na watu wenye akili zao wananyamaza kutafuta pumzi.

"Soma vizuri, mzee mwenzangu. Labda ni wewe."

"Kusoma najua. Njoo ujione mwenyewe, marehemu."

Akaenda, viatu vyake vya baiskeli vikigonga mawe. Matangazo ya misiba yalikuwa yamepangwa ubaoni kama katika kila kijiji cha milima ile, na moja lilikuwa jipya, gundi yake haijakauka. Settimio Barlacchi, miaka 61. Mke wake Loriana na binti yake Noemi wanatangaza kwa majonzi makubwa. Misa ya mazishi ni leo Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi.

Settimio akasogea karibu. Akasoma tena, akasoma mara ya tatu, kidole juu ya karatasi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ee bwana, mbona umekuwa mweupe hivyo?" Gualtiero akasema, sasa bila kucheka. "Nilikuwa natania. Ni mtu tu mwenye jina lako."

"Si mtu tu. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa."

Mambo yalikuwa hivi. Babu yao, Settimio wa kwanza, alikuwa na watoto wawili wa kiume, na kila mmoja alimpa kifungua mimba wake jina la mzee. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake heshima hiyo. Matokeo yake nyumba moja ikawa na akina Settimio wawili waliopishana miezi minne, wanaofanana pua na masikio, na ikabidi waitwe Mkubwa na Mdogo. Huyu aliyekuwa anachuruzika maji ni Mdogo. Wa kwenye karatasi ni Mkubwa. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka arobaini.

Na kijiji hiki cha Castagneda, Mdogo alikuwa amekikwepa miaka yote hiyo, kwa sababu Mkubwa alihamia huku, akaoa huku, akafungua baa huku. Leo amefika kwa sababu maporomoko yalifunga barabara ya bondeni, na Gualtiero akang'ang'ania wapite juu kwenye msitu wa michesti, ile miti ya njugu za kuchoma. Njia nzima, huku matunda ya miiba yakipasuka chini ya magurudumu, Mdogo alikuwa anapanga uso wa kuvaa endapo watakutana. Alijiandaa kumkwepa mtu hai.

Kengele ya kanisa ikaanza kulia.

"Twende zetu," Gualtiero akasema. "Au unaingia?"

Kuingia! Laiti yule fundi bomba angejua. Walipokuwa na miaka ishirini na mmoja, wote wawili wakikimbizana kwenye mashindano ya baiskeli ya vijana, ilifika barua nyumbani kwa babu kutoka timu ya kulipwa. Juu ya bahasha: Settimio Barlacchi. Mkubwa alikuwa msituni na baba yake wakiokota chesti. Mdogo akaifungua. Ndani waliandika kwamba wamependezwa na kijana aliyeshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya mlimani ya Septemba. Sasa, wa pili siku ile alikuwa Mkubwa. Mdogo alikuwa wa kumi na moja, tena kwa kujikongoja. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, Jumatatu akaenda na baiskeli yake kusaini mkataba kwa jina ambalo lilikuwa lake kweli. Mkubwa alipouliza, alimjibu: "Imeandikwa Settimio Barlacchi. Mimi naitwaje?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho, na Mdogo hakuwahi kumsimulia mtu.

"Naingia," akasema. "Walau nimuage."

Wakavua viatu mlangoni, maana vyuma vya soli vingelia sakafuni kama farasi. Wakaingia na soksi, jasho likiwakaukia mgongoni, wakasimama nyuma kabisa karibu na nguzo. Kanisa lilijaa hadi ukutani. Mdogo akanyanyua shingo kulitazama jeneza, na hapo akapigwa na butwaa ya pili.

Juu ya jeneza kulikuwa na jezi ya njano yenye mkanda mweusi. Jezi ya timu ya Mdogo mwenyewe.

"Ndugu zangu," padri alianza, "nani kati yetu hajanywa kahawa kwa Settimio chini ya zile picha za magazeti? Nani hajamwomba asimulie siku ile ya mvua? Kijiji chetu kidogo, lakini kilipata mtu aliyekimbia na wakubwa. Misimu miwili ya kulipwa. Hakushinda, sawa. Lakini siku moja alilitoroka kundi, akaongoza peke yake kilomita tisini, katika baridi na mvua ya mawe, na wakamkamata imebaki kilomita mbili tu."

Mdogo akaitazama tena ile jezi. Kilomita tisini zilikuwa zake. Mvua ile ilimpiga yeye, vidole vilivyokufa ganzi vilikuwa hivi hapa, mkononi mwake. Maisha yake yote, bila mke, bila mtoto, miaka thelathini ya kuuza matairi, alikuwa na siku moja tu ya kujivunia. Na hapa watu mia mbili walikuwa wanamlilia mtu mwingine kwa ajili ya siku hiyo.

"Lo!" Gualtiero akamnong'oneza, macho yamemtoka. "Hiyo si yako wewe? Si ndiyo unayotuchosha nayo kila Jumamosi? Mwizi huyu! Kawadanganya kijiji kizima!"

"Nyamaza."

"Ninyamaze nini? Usiposema wewe, nasema mimi."

Na kusema kweli Mdogo mwenyewe alikuwa ameshakaza miguu. Hasira ilimpanda. Neno moja tu lingetosha, kwamba Settimio Barlacchi wa magazeti ndiye huyu hapa amesimama na soksi. Alikuwa na kitambulisho kwenye mfuko wa mgongoni.

"Nilimuuliza mara moja," padri akaendelea, "alikuwa anawaza nini kilomita zote hizo. Akaniambia: Padri, nyuma yangu walikuwa watu mia moja na hamsini, lakini nilikuwa namkimbia mmoja tu. Mmoja aliyestahili kuwa mahali pangu. Hakunitajia jina lake. Huyo ndiye Settimio tuliyemjua, mtu mnyenyekevu hivyo."

Ndivyo hasa Mdogo alivyowaza siku ile. Hilo halikuwamo kwenye gazeti lolote. Hakumwambia mwandishi, wala mama yake, wala padri wa kwao kwenye kitubio. Mkubwa alikaa huku nyuma ya kaunta miaka arobaini akiyavaa maisha ya mwenzake, na alipofika mahali penye kidonda, akakijua bila kuambiwa. Mdogo akaegemea nguzo. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Misa ilipokwisha, jeneza likatolewa nje, watu wakapanga mstari kumpa pole mjane. Gualtiero alimshika mwenzake kiwiko.

"Ndugu yangu, sikiliza. Atakuuliza jina. Utasema nini?"

"Sijui."

"Sema ukweli, bwana! Ni jina lako!"

"Ndiyo maana sijui."

Mstari ulisogea. Loriana alikuwa mwanamke mfupi, macho yamevimba, mikono yake ya baridi ikipokea kila mkono. Alipowafikia wazee wawili waliovaa bukta za kubana na jezi zenye chumvi ya jasho, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Mmekuja kwa baiskeli," akasema. "Angefurahi sana. Nyinyi mlikuwa mnamjua?"

Gualtiero akavuta pumzi. Mdogo akamkanyaga kidole cha mguu, soksi juu ya soksi.

"Mimi, shemeji," akasema. "Tulikuwa tunaendesha pamoja ujana wetu. Kwenye mlima alikuwa akiniacha kila mara. Kila mara."

"Alikuwa hivyo kweli?"

"Nakuapia."

Loriana akakibana kiganja chake, akingoja, jinsi mfiwa anavyongoja apewe zaidi kidogo. Nyuma yao watu walikuwa wanasukuma. Neno lilikuwa limeshampanda Mdogo, na safari hii hakulimeza.

"Nilikuwepo siku ilipofika barua ya timu," akasema. "Mimi ndiye niliyeifungua. Ile barua, shemeji, ilikuwa yake."

Ndivyo alivyolitoa, mchana kweupe, mbele za watu, jambo lililomkaa kifuani miaka arobaini. Alisubiri dunia imwangukie.

Loriana alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Sasa ingekuwa ya nani mwingine, baba?" akasema, akampapasa bega, kisha akanyoosha mkono kwa mtu aliyefuata.