Koti la Papa Gracien

Nyumba yangu ya Cimpunda haijui kukaa bila watu. Sebuleni wanakunywa chai, barazani wanangoja mandazi, na chumba cha mbele nimempangisha Marcellin, mchapaji wa matriko, zile fulana za picha, na mabango. Kwa hiyo habari hainipiti. Inaingia yenyewe, inavua viatu, inaketi.

Déborah naye aliingia hivyohivyo, viatu vimejaa matope ya mji mzima. Binti wa kijiji cha Mudaka, mwaka wa mwisho katika institut moja ya sanaa. Alikuwa anatafuta pa kufanyia stage, mafunzo ya kazini. Huku wamefunga, huku mashine zimelala kwa kukosa courant, umeme, huku patron amekimbilia ng'ambo ya ziwa. Marcellin peke yake ndiye aliyekuwa bado anachapa, kwa sababu picha aliichoma kwa jua na wino aliusukuma kwa mkono. Na wateja hawakumkauka. Harusi zimepungua Bukavu, lakini kufa kunaendelea, na siku hizi familia inaona haya kuzika bila triko zenye sura ya marehemu.

"Nikikosa hii stage, maman, sifanye défense, sipate diplôme," Déborah aliniambia. "Na papa alishasema: hakuna diplôme, iko bwana. Iko muzee moja kule Mudaka, alishaoa bibi wawili. Ananingojea vile shamba inangojea mvua."

"Bibi wawili?" nikamuuliza. "Na bado iko na nguvu?"

Akacheka mpaka akamwaga chai. Toka siku hiyo akawa mtoto wa nyumba, na Marcellin akampa stage.

Kazi ya Marcellin ilikuwa na ufundi wake. Marehemu wetu wengi hawana picha nzuri. Mtu amepigwa picha akifua, akicheza mpira, akiwa tumbo wazi. Ndipo Marcellin anamvalisha koti. Makoti alikuwa nayo: aliyatoa kwenye picha za harusi na komunyo za wateja, akayakata shingoni, kila koti akalitia kwenye cadre yake, ile fremu ya mbao yenye kitambaa kinachopitisha wino. Mtu akifa, unachoma kwa jua picha ya kichwa tu. Koti liko tayari.

Ila alikuwa na mwiko: koti la mtu wa Cimpunda halivalishwi maiti wa Cimpunda. Liende Bagira, liende Panzi, kokote ambako mwenyewe hajulikani. Mwiko huo alikaa nao kichwani, Déborah hakumwambia. Asubuhi moja alipopanda boti kwenda Minova kufuata wino, aliondoka nao, atelier, karakana yake, akamwachia Déborah.

Mchana wa siku hiyo Maman Francine, jirani yetu wa hapahapa Cimpunda, aliletwa ameshikwa mikono yote miwili. Mtoto wake Elysée, motard, dereva wa pikipiki, homa ilimkamata mzima kabisa, na haikumpa hata nafasi ya kupelekwa hospitali ya pili. Picha ilikuwa moja tu: Elysée juu ya pikipiki, singlet imetoboka kwapani.

"Umuvalishe koti, binti yangu," Maman Francine akasema. "Asifike kwa Mungu kama mutu mwenye ametoka kuosha pikipiki."

"Nitamuvalisha, maman. Atakuwa muzuri."

Mimi sikuona alichochagua. Nilikuwa nimekwenda kwenye kilio kupika bugali, maana kilio bila mimi ni kama mchuzi bila chumvi, wenyewe wanasema. Déborah alibaki anapigana na hewa ya Bukavu: jua likichungulia anakimbia nje na cadre, wingu likikohoa anairudisha ndani. Kazi yake ya kwanza peke yake. Encadreur, mwalimu wa shule anayesimamia stage, alikuwa anakuja juma hilohilo kuona amefanya nini, na Déborah alitaka kumwonyesha kazi hiyo. Katika makoti yote akachukua lililo bora: la mistari, kola pana, na katikati ya vifungo vyeusi kimoja kikubwa cha shaba.

Ndugu zangu, Cimpunda nzima inajua kifungo hicho. Papa Gracien, muzee jirani yangu, alikishona mwenyewe, kimetoka kwenye nguo ya kaka yake aliyekuwa askari. Koti analo moja. Misa ni lile, harusi ni lile, kilio ni lile; Marcellin alilikata kwenye picha ya harusi.

Na Papa Gracien na Elysée walikuwa hawapatani. Elysée aliosha pikipiki yake kwenye bomba lililo mbele ya kwangu, na maji yote yalifuata mfereji mpaka mlangoni pa muzee. Siku chache kabla ya ile homa walitukanana, muzee akapaza sauti: "Haya maji, utayakunywa!" Hasira tu. Lakini mtu akifa, maneno ya hasira yanafufuka.

Matriko yalipofika kwenye kilio, watu waliyavaa juu ya nguo zao. Elysée alikuwa anatabasamu kwenye kila kifua, nadhifu kama bwana harusi. Mama yake alilia vizuri, kile kilio cha kushukuru. Kisha shangazi mmoja akaacha kulia. Alikuwa anaangalia kifua changu.

"Ile koti ninaijua."

"Makoti inafanana, maman," nikamwambia. Nikainama kujiangalia. Nikaona kifungo cha shaba.

"Na bouton? Nayo inafanana?"

Papo hapo Papa Gracien akaingia uani kutoa pole. Amevua kofia, amenyoosha mikono, na kifungo chake cha shaba kinang'aa.

Luc, mdogo wake Elysée, alisimama. "Papa Gracien. Ndugu yangu anafanya nini ndani ya koti yako?"

"Koti gani, mutoto wangu?"

Muzee akatuangalia, kifua kwa kifua. Halafu akaweka mkono juu ya kifungo chake, akakificha. Alikuwa ameogopa tu. Lakini mkono ule ndio uliomhukumu.

"Mulozi! Muchawi!" mtu akapiga kelele. "Alishamuvalisha! Alishamukamata!"

Ua ulikuwa umejaa motards, na kila pikipiki ina essence, petroli. Tairi lilikuwa tayari linabingirishwa. Nikakimbia mpaka kwangu na pumzi zangu hizi za mama mnene. Déborah nilimkuta anaosha cadre, anaimba.

"Ile koti ulitoa wapi?"

"Kwa cadre za patron. Hamukuipenda?"

"Iko ya mutu, Déborah! Mutu muzima, wa hapa. Banataka kumuchoma sasa hivi!"

Alinielewa polepole, akaacha kuosha.

"Nikisema ni miye, batakuja kuvunja atelier?"

"Batavunja."

"Na stage yangu?"

Nilitaka kumdanganya. Nikatikisa kichwa.

Akachukua cadre ya koti na kopo la wino, akaondoa vikombe vyangu mezani, akavuta nguo ya meza.

Tulimkuta Papa Gracien chini, mdomo unatoka damu, koti limelowa essence. Anasema jina la Elysée tu, kama anamwita aje amtetee. Déborah alipita chini ya mikono ya watu. Akatandaza nguo ya meza kwenye matope, akaweka cadre, akavuta wino. Akainua. Koti: mistari, kola, kifungo. Juu ya shingo, hakuna kitu.

"Muangalie! Iko koti tu, haina mutu! Ilikuwa kwa atelier tangu zamani. Kichwa ya Elysée, miye njo niliweka, leo. Muzee hajue kitu!"

Akachapa tena pembeni, na tena, makoti yasiyo na vichwa yakapangana kwenye nguo yangu.

"Weye ni nani?" Luc akauliza.

"Miye ni stagiaire."

"Stagiaire wa nani? Wa mulozi?" Wengine wakacheka, kicheko kibaya. Mmoja akamshika nywele.

Ndipo Maman Francine akaondoka kando ya sanduku la mtoto wake. Watu wakampisha.

"Njo weye nilikuambia umuvalishe?"

"Njo miye, maman. Niliona inamufaa. Nisamehe."

Maman Francine aliiangalia nguo ya meza. "Koti niliomba miye," akasema. "Luc, acha muzee. Kama ni kuchoma, muanze na miye."

Luc alikuwa analia. Akamvua Papa Gracien koti kwa nguvu, akalitupa juu ya tairi, na kiberiti kikawashwa kwa koti peke yake. Muzee akaondoka na shati. Nilimfuata, nikamwambia aje kwangu anawe damu.

"Kwako iko batu mingi," akanijibu.

Elysée alizikwa na watu waliogeuza matriko ndani nje, sura yake imeelekea ngozi zetu. Waliporudi makaburini, vijana walipitia kwangu. Walivunja kila cadre. Wino waliumwaga barazani, ukashuka na ule mfereji mpaka kwa Papa Gracien.

Marcellin aliporudi alisimama mlangoni, makopo mapya mikononi. "Sikukuambia ule mwiko," alimwambia Déborah. Akaweka makopo chini.

Encadreur alikuja, kama alivyoahidi. Déborah alimwonyesha kitu pekee kilichobaki, nguo yangu ya meza.

"Na vichwa?" akauliza.

Nikajaribu kueleza, nikamwekea chai, nikamwambia huyu mtoto ameokoa mtu. Alinisikiliza kwa heshima. "Ninaelewa, maman. Lakini siwezi kupa cote, alama ya kupita, stage yenye haina atelier. Atafute pengine."

"Pengine wapi, Papa Encadreur?"

Akanywa chai yake.

Déborah alifunga mzigo asubuhi iliyofuata. Barabarani alinikumbatia, akauliza: "Papa Gracien alipata koti ingine?"

"Bado."

Akapanda pikipiki ya kwenda Mudaka, kwa papa yake na yule muzee anayemngojea. Motard alikuwa rafiki yake Elysée, nilimjua, alikuwepo uani siku ile. Hakumwangalia usoni. Alimwambia tu ashike vizuri, barabara imeharibika.