Huna Ruhusa ya Kutupa

...huna ruhusa, inasema tena, herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi, kana kwamba yeye ni mwizi aliyepitia dirishani, yeye aliyemwogesha mwenye kompyuta hii mpaka siku ya mwisho, akamkata kucha, akamfumba macho, leo aambiwe hana ruhusa ya kuzitia sauti za mumewe kwenye pipa la taka, Mungu amsamehe lakini hasira imemfika kooni... na amri ameiandika vilevile alivyoelekezwa, herufi kwa herufi, maana ile skrini ya picha za kubofya ilishakufa, imebaki hii ya kuandika amri tu, "Shemeji, bado?" mdogo wa marehemu anauliza kutoka sebuleni, ameshaleta na boksi, anataka aipeleke dukani kwake leo leo, na humo ndani mna kaka yake akiomba katika maumivu, akilia kama mtoto, alijirekodi ili aje amshukuru Mungu akipona, hakupona, sasa wateja wa duka wazisikilize wakisubiri chenji, haiwezekani... "Tulia, mama," fundi anasema kwenye simu, "umeingia kwa jina lako, folda ni ya mzee, kusikiliza inakuruhusu, kutupa mpaka mwenyewe," mwenyewe yupi, baba, nikamwamshe, "ndivyo inavyojua yenyewe, mama, haijaambiwa kwamba hayupo"... haijaambiwa... na waliokuwa wameambiwa je, koti alilibeba binamu kabla matanga hayajaisha, baiskeli akaondoka nayo huyuhuyu wa sebuleni, viatu sijui nani, hakuna aliyeuliza ni vya nani wala nani kamruhusu, nyumba nzima ilijaa watu wenye ruhusa, na yeye akakaa kimya akidhani kimya ndiyo imani, kumbe ni kitu kimoja tu humu ndani kilichosimama kikasema hapana, hivi ni vyake, na ndicho anachokigonga kwa vidole kwa ghadhabu tangu asubuhi... "Shemeji, nije nikuchomolee waya?" "Usiguse," anasema polepole, "ni ya kaka yako." "Kaka si ametutoka, shemeji." "Ametutoka. Na hakukuruhusu," sebuleni boksi linasikika likiwekwa chini, na kwenye skrini kile kistari cha kuandikia kinapepesa palepale kilipokuwa, huna ruhusa, huna ruhusa, amina.