Mwalimu Gibson na Mchwa wa Darasa la Tatu

Mwaka wa 1954, Gibson Mwandawiro, mwalimu wa shule ndogo huko Mghange, alimwandikia mkaguzi wa shule barua ya tatu. Mchwa walikuwa wakila boriti za darasa la tatu. Kutoka ofisi ya mkaguzi huko Voi alijibiwa kwa mikebe miwili ya unga wa kuua mende, na agizo kwamba watoto waache kula viazi darasani.

Alilisoma agizo hilo mara mbili, akatoka nje kupunga hewa.

Mkaguzi mwenyewe, Bwana Kituku, alipofika mwezi uliofuata, alikuta mezani chupa mbili za jemu zenye wadudu ndani.

"Huyu ni mende, Bwana Mkaguzi," Gibson alisema, akijizuia asiharakishe. "Ni bapa, mgongo unang'aa, vipapasio vyake virefu. Anakula makombo na gundi ya vitabu, boriti hana haja nayo. Huyu wa pili ni mchwa. Mweupe, laini, vipapasio vifupi kama shanga zilizotungwa. Hewa kavu inamuua, ndiyo maana anajijengea njia za udongo. Zile pale ukutani."

Kituku aliinama. Alikuwa amechelewa kwa saa tano, na mchwa walikuwa wamekauka, wamegeuka rangi ya chai.

"Naona mende wakubwa na mende wadogo," alisema. "Dawa umetumia?"

"Nimetumia. Mende wamekufa. Boriti bado zinaliwa."

"Basi ongeza."

Gibson alipanda juu ya dawati akachoma boriti kwa kisu. Kisu kiliingia mpaka mpini, vumbi likamwagikia kofia ya mkaguzi.

"Jengo la zamani," Kituku alisema, akiikung'uta.

Kesho yake Gibson alihamishia madawati uwanjani. Alifundisha huko siku tisa, koo likimkauka kwa upepo, hadi Jumamosi moja paa liliporomoka. Hakuumia mtu.

Barua kutoka Voi ilimkuta akimsaidia Musyimi, fundi seremala, kupasua boriti mpya walizochanga wazazi.

"Wanasemaje?" Musyimi aliuliza.

"Wanataka nieleze kwa nini sikuwaambia kuna mchwa."

Musyimi aliiweka boriti sawa.

"Shika msumeno huku, Mwalimu," alisema.

Gibson aliikunja barua, akashika msumeno. Alivuta kwa nguvu kupita kiasi, hata Musyimi akamwomba apunguze.