Shanga Kwenye Mtutu

Ukitaka habari za ploti yetu ya Kangemi usimuulize mwenye nyumba, yeye huonekana kodi ikifika tu. Niulize mimi, Ivyne. Mlango wangu ndio wa kwanza ukiingia na haujazoea kufungwa. Wikendi napeleka chai na chapati kwenye klabu ya shabaha kule Satellite, kwa hiyo kisa cha bunduki ya Nasimiyu nilikipata pande zote mbili, kule kilikoanzia na huku kilikochachia.

Nasimiyu ni jirani yangu. Kazi yake ni kupanda milingoti na kuunganishia watu intaneti, labda ndiyo maana mkono wake hautetemeki. Alienda klabu kufunga waya wa ofisi, wakamwambia ajaribu kulenga kidogo kabla ya kuondoka, na mpaka leo hawajamwachilia. Bunduki zao si za baruti, ni za hewa. Unaijaza kwa pampu kama unajaza gurudumu, na hewa hiyo ndiyo inayosukuma kirisasi chenye kiuno chembamba kama nyigu. Wenyewe wanakiita kidonge. Huko mbele kuna mabamba ya chuma yaliyokatwa kama kuku na nguruwe, kila bamba lina tundu, na kidonge kikipita tunduni bamba linalala. Ya karibu hata mimi niliwahi kuangusha moja, nikapigiwa makofi. Ya mita hamsini ndiyo yanayotenganisha watu.

Klabu ilikuwa inachagua wanne wa kwenda mashindanoni Arusha. Watatu walishajulikana. Nafasi ya nne iligombewa na Nasimiyu na Dan wa Woodley, muuza magari anayekuongelesha kana kwamba tayari umeketi kwenye gari. Atakayeenda angeingia kikosi cha mazoezi na kupewa bunduki ya kutumia peke yake. Atakayebaki angerudi kwenye foleni ya kuazima. Nasimiyu alikuwa amelikamata jambo hili kwa meno. Aliniambia siku moja tukisuuza nguo, "Ivyne, kwa milingoti mimi huwa napanda niwaunganishe wengine na dunia. Hii ni yangu."

Sasa ploti yetu ikisikia mtu wake ana jambo, haitulii. Ukilazwa tunakuja wodi nzima mpaka nesi anatufukuza. Ukioa tunakuja hata ambao hukutualika, tena sisi ndio tunakaa mbele. Basi Shangazi Lornah, aliyemlea Nasimiyu tangu alipotolewa Webuye akiwa hajaota meno ya mbele, akatangaza kwamba bunduki ambayo klabu ilimwazima Nasimiyu mpaka siku ya mchujo itavishwa. Shangazi ni fundi wa shanga pale sokoni, na shanga zake hazikatiki, hilo hata maadui zake wanakubali. Kila mwanamke akachagua mstari wake. Wangu ni wa kijani, wa pili kutoka juu. Becky anadai ni wake, lakini Becky tunamjua.

Shangazi alikuja klabu, akapima bunduki kwa uzi kama anapima mtu sare ya harusi. Wiki iliyofuata akaivisha mshipi wa rangi za bendera, mpana kama kiganja, uliokumbatia mtutu pamoja na ubao wa chini yake. Akaukaza kwa uzi wa nailoni mpaka shanga zikalia kwichi. Watu wakapiga picha. Hata Dan alipiga.

Tangu siku hiyo Nasimiyu akaanza kukosa.

Asubuhi kidonge kinaenda kushoto. Jua likipanda kinaenda kulia. Akirekebisha darubini ya kulengea, kinarudi kushoto tena kama mume mwenye nyumba mbili. Na Dan hakuacha kumchokoza.

"Niaje, Nasi? Naona hao kuku wako leo wameokoka."

"Wacha waokoke. Wewe nguruwe wako nani amemchinja?"

"Wangu wamelala wote, madam. Nenda uhesabu."

Na walikuwa wamelala kweli. Nasimiyu akaja kwenye meza yangu, akaishika chai mpaka ikapoa.

Mtu wa kutengeneza bunduki za klabu ni Gurmeet Singh, ambaye karakana yake iko mjini, Kirinyaga Road, nyuma ya maduka ya vipuri. Wiki zote hizo alikuwa Kisumu, binti yake amejifungua. Niliposikia amerudi nilifunga chapati kwenye gazeti nikamfuata. Nilimkuta ameinama kwenye mashine ya kuchonga vyuma, kilemba kimejaa vumbi.

"Ivyne! Umeleta chapati ama umeleta habari?"

"Zote mbili, Mzee. Anza na chapati, habari itakuharibia hamu."

Nikamweleza, na yeye akasikiliza huku anatafuna. Hakuuliza habari ya mikono ya Nasimiyu. Aliuliza, "Inakosa mahali pamoja, ama inatangatanga?"

"Inatangatanga."

"Basi msichana hana shida. Mtu akikosea, hukosea vilevile kila siku. Kitu kinachotangatanga kimelegea, ama kimebanwa. Bunduki haitoki klabu, hiyo ni sheria. Jumapili nitakuja na vyombo vyangu."

Jumapili baada ya kanisa alikuja, wala hakuigusa darubini. Aliilaza bunduki juu ya vifuko vya mchanga, akamwambia Nasimiyu apige karatasi ya mita hamsini kwa vidonge vya kila kopo lililokuwa stoo, kopo moja baada ya jingine.

"Kwani vidonge si vidonge?" nikauliza.

"Ivyne, watoto wa ploti yenu wote wanakula omena?"

"Wa Becky hawali."

"Basi. Kila mtutu una chakula chake. Kidonge kikiwa chembamba kwa huu mtutu kinayumba, kikiwa kinene kinakwaruzwa. Tunautafutia unachopenda."

Vya kopo la buluu vilikaa karibu karibu kuliko vingine, lakini si karibu ya kutosha. Akatoa kifaa cha kupima mwendo, akakiweka mbele ya mtutu. Mwendo ulikuwa sawa kila mara, kwa hiyo hewa haikuwa na kosa. Akajaribu skrubu za kushikilia kitako, mbili zilikuwa zimelegea, akazikaza taratibu kwa zamu. Matundu yakasogeleana kidogo, kisha jua likapanda na yakaanza safari yao ya kwenda kulia.

Hapo Mzee Gurmeet akachana kipande cha gazeti la chapati zangu, akakipitisha katikati ya mtutu na ubao. Huo mtutu umeshikwa nyuma tu, mbele unatakiwa uelee bila kugusa kitu. Karatasi ikateleza vizuri, ikafika kwenye mshipi wa shanga, ikagoma.

Akainua macho. Nasimiyu alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mtutu unapumua," Mzee akasema polepole. "Ukipata joto unanyooka kidogo, ukipiga unatikisika kidogo, halafu unarudi pale pale. Huu umefungwa na ubao kama mbuzi. Unavutwa kila upande. Nani alifunga?"

"Shangazi yangu."

"Toa."

"Mzee, siwezi."

"Ulikuwa unajua?"

Akaupapasa mshipi kwa kidole, akasema, "Tangu siku ya kwanza nilijua. Hujui hizo shanga ni za nani na nani. Afadhali nikose kuku kuliko nimkose shangazi."

Mzee Gurmeet akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria. Akakusanya vyombo vyake, akasema Jumatano ni sikukuu, atakuwepo, na bunduki itakuwepo. Yaliyobaki si kazi ya fundi.

Sasa, nawaapia sikumwambia mtu. Nilimwambia Becky tu, kwa simu, tukiwa bado njiani. Tulipofika getini habari ilikuwa imeshazaa na kujukuu. Ilikuwa inasema kwamba Singh amechukua mkasi na kuikata bendera ya Kenya vipande vipande, na Nasimiyu akacheka. Shangazi Lornah alikuwa ameketi mlangoni na beseni la maharagwe. Nasimiyu akamsalimu. Shangazi akaendelea kuchambua.

"Shangazi, si vile umeambiwa."

"Nimeambiwa nini? Mimi nachambua maharagwe."

Usiku ule hakuna aliyekuja kukaa kwangu. Niliwasha redio peke yangu, nikajua hali ni mbaya.

Lakini Jumatano, sijamaliza kukanda unga, mlango ukabishwa. Alikuwa Shangazi, amevaa lile gauni lake la kwaya, kipochi kwapani.

"Ivyne, nipeleke. Nataka kuona hayo matusi kwa macho yangu."

Tuliwakuta Mzee Gurmeet na Nasimiyu kwenye mstari wa kupigia, na mshipi bado uko kwenye bunduki, haujaguswa hata ushanga mmoja. Hilo lilimtuliza Shangazi nusu. Akamgeukia Mzee.

"Wewe ndiye unasema kazi yangu ni mbaya?"

"Mama, kazi yako ni nzuri sana. Mahali ulipoiweka ndipo pabaya."

"Kwani umeona wapi shanga zikimfunga mtu mikono?"

"Nitakuonyesha. Usiniamini mimi, amini karatasi."

Akamwambia Nasimiyu apige vidonge kumi kwa karatasi ya kwanza, mshipi ukiwa pale pale. Akaenda kuileta. Kisha akamwomba Shangazi ruhusa, akausukuma mshipi kwa vidole gumba vyote viwili, taratibu, mpaka ukachomoka mbele ya ubao, ukalegea ukaning'inia kwenye mtutu peke yake. "Hapa bado una uzito," akasema, "lakini angalau haujaufunga." Nasimiyu akapiga kumi vingine.

Shangazi akazichukua karatasi mbili, akatoa miwani kwenye kipochi. Ya kwanza matundu yalikuwa yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Ya pili yote yangefunikwa na vifuniko viwili vya soda. Alizitazama muda mrefu, akazipishanisha, akazigeuza kwa mwanga. Nilidhani anatafuta la kubishia. Kumbe alikuwa anaziangalia kama anavyoangalia mshono wa mwanafunzi wake sokoni.

"Nilikaza mno," akasema.

Akavua miwani, akairudisha kipochini.

"Bangili ukiikaza mno, mkono unavimba. Kila msichana ninayemfundisha namwambia, acha nafasi ya kidole." Akamgeukia Nasimiyu. "Na wewe, ulikuwa unaona mkono umevimba na unaninyamazia? Ungeenda kushindwa hivyo hivyo?"

"Nilidhani utaumia, Shangazi."

"Nimeumia. Tena nimeumia kwa sababu hukuniambia. Hizi shanga nilizitunga uende Arusha, sikuzitunga ubaki. Lete mkasi."

Mkasi wa mtu mwingine hakuutaka, akatoa wake kipochini. Alikata uzi mwenyewe, akaukunja mshipi ndani ya leso bila kudondosha ushanga hata mmoja. Kisha akabaki ameshika kipande cha uzi mwembamba wa sufi aliokuwa ametumia kupambia kingo, mwekundu, mrefu kama kidole.

"Huu nao una uzito?" akamuuliza Mzee, na sauti ilikuwa imeshaanza kurudi kwenye ubishi.

"Huo hauna."

"Basi angalau kitu changu kimoja kibaki." Akaufunga mbele ya darubini, akauacha uning'inie.

Upepo mdogo ukapita, uzi ukainuka ukaelekea upande wa choo cha klabu. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mgongo.

"Nini sasa?" Shangazi akafoka.

"Mama, hivyo ndivyo wapigaji wakubwa hufanya! Wanafunga uzi wapate kusoma upepo. Kidonge ni kitu chepesi, kwa mita hamsini upepo unakibeba. Nilikuwa nataka kumletea huyu msichana uzi wa kwangu."

"Wa kwako ukae nao," Shangazi akasema. "Huu unatosha."

Mchana huo wote, mtutu ukiwa uchi, walipanga darubini upya. Mzee akafunika matundu ya mwisho kwa kifuniko kimoja cha soda, na nafasi ikabaki.

Jumamosi, siku ya mchujo, ploti nzima ilihamia Satellite. Nilitengeneza chapati mpaka mabega yakakataa, na bado hazikutosha. Wapigaji walianza na mabamba ya karibu, na hapo wote walikuwa wazuri. Dan alipiga vizuri, tusimdhulumu. Kwenye yale ya mbali alikosa moja tu, kuku wa pembeni, akarudi akijifuta jasho.

"Nasi, nimekuachia mlango wazi kidogo tu," akasema. "Ingia kama utatosha."

"Mimi ni mwembamba, Dan. Usijali."

Akaketi chini, kiwiko juu ya goti, akapiga bamba moja moja. Wanawake wa ploti, ambao kanisani hawanyamazi hata wakati wa maombi, walinyamaza. Likabaki bamba moja, nguruwe wa mwisho wa mita hamsini. Akimwangusha, anampita Dan. Akimkosa, wanakuwa sawa, na wakiwa sawa Dan ndiye anayeenda, kwa kuwa ni mwanachama wa zamani.

Alipolenga, upepo ukashuka kutoka upande wa Ngong. Miti ya ukutani ilitikisika, kisha ikatulia, na mtu yeyote angedhani umekwisha. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yake pembeni kidogo, na niliona ule uzi mwekundu haujatulia. Ulikuwa bado umeinuka, umelala upande wa kulia. Nasimiyu akausubiri. Haukushuka. Akasogeza mtutu kidogo kushoto, mpaka nikadhani anamkosa nguruwe makusudi, akatoa pumzi.

Tap. Nguruwe akasimama kana kwamba anafikiria. Kisha akalala.

Zilizofuata ni kelele ambazo majirani wa Satellite wataziongelea mpaka Krismasi. Becky alimkumbatia Dan kwa makosa. Dan mwenyewe alimpa Nasimiyu mkono, akamwambia, "Huo uzi nitanunua wapi?" na Nasimiyu akamwelekeza kwa Shangazi.

Shangazi hakuwa amepiga kelele. Alikuwa ameketi kwenye benchi langu, ile leso imefunguliwa mapajani, ameshaanza kuzitunga upya zile shanga kwenye mkanda wa begi la bunduki, mstari kwa mstari, na kila baada ya mshono anaingiza kidole kupima nafasi.

"Mzee Singh," akaita bila kuinua kichwa. "Arusha kuna upepo?"

"Upo mwingi, Mama. Kuna mlima."

"Basi nikate uzi mwingine wa akiba." Akakata uzi kwa meno. "Na wewe Ivyne, njoo uniambie mbele ya watu. Huu mstari wa kijani wa pili kutoka juu ni wa nani?"

Nikafungua mdomo, na Becky naye akafungua wake.